Ukurasa wa Kasa

Ndugu zangu wa Kilindoni, Utende, Chole na Juani, na nyinyi mliohamia Dar mkadhani mambo ya huku hayawahusu tena, kaeni kitako niwaeleze habari ya Mize binti Shaabani. Najua mmeshaisikia. Upande mmoja husema wa kulaumiwa ni wale, upande wa pili husema ni hawa, na kila mmoja ameikata habari kwa kipimo cha chama chake. Mimi nitaisema ilivyokuwa. Atakayeudhika na audhike, nimeshazoea.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri mno. Miaka kama kumi na tisa ilikuwa imepita tangu bahari yetu itiwe katika hifadhi. Mize, mzaliwa wa Juani, alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja pale Kilindoni. Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri alikwenda dukani kwa akina Javed, akamwamkia mama yake Javed pale kaunta, akapita hadi stoo ya nyuma na kukaa juu ya gunia la mchele. Javed alikuwa kijana wa ukoo wa Wahindi wenye maduka pale tangu enzi za babu wa babu yake, na kichwa chake kilikuwa chepesi kwa mambo ya kompyuta. Yeye ndiye aliyetengeneza tovuti. Ilikuwa ensaiklopidia ya Mafia, kwa Kiswahili, ambayo mtu yeyote mwenye simu aliweza kuandika humo anachokijua, na mwenzake akakisahihisha. Wenyewe waliipa jina refu la kitaalamu. Watu wa visiwani hawakulijali, wao waliiita Kitabu cha Mize.

Jamani, ile stoo ilikuwa raha! Watu kumi, kumi na watano, wamekaa juu ya magunia na madumu ya mafuta, kila mmoja na simu yake, chai ya tangawizi inazunguka. Huyu anaandika habari za popo wa Chole, yule anaeleza ukili unavyosukwa, mwingine anagombana na simu yake kwa sababu haitaki kuandika ng yenye king'ong'o. Walikuwa wa vyama vyote. Suleimani wa Utende, mtembeza wageni katika hoteli moja ya ufukweni, alikuwa kiongozi wa vijana wa chama tawala, na aliipenda hifadhi kwa sababu iliwaleta wageni. Shamte wa Juani, nahodha, alikuwa katibu wa tawi la upinzani, na hifadhi hakutaka hata kuisikia tangu siku juya lake, ule wavu wa kukokota, lilipochukuliwa. Hawa wawili nje walipitana bila salamu. Ndani ya stoo ile walikaa gunia moja wakibishana juu ya papa potwe, yule papa mkubwa wanaomfuata wageni, nani anayajua zaidi majira yake.

Aliyewaweka pamoja alikuwa Mize. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa kuitwa kila penye ugomvi, wa ndoa, wa mipaka ya mashamba, wa kamati ya maulidi, na dawa yake siku zote ilikuwa moja: kila mtu aachie kidogo. Mize aliirithi. Koo mbili zilipogombania ukurasa wa magofu ya mji wa kale wa Kua, kila moja ikidai mababu zake ndio waliojenga, Mize aliandika madai ya zote mbili, fungu moja moja, urefu sawasawa. Wakatulia. Ukurasa wa hifadhi nao ulipoanza kutokota, aliwapa wanaoisifu fungu lao na wanaoilalamikia fungu lao. Wakatulia pia. Watu wakasema huyu mwanamke ana mkono wa baba yake, na Mize alifurahi kusikia hivyo, nani asingefurahi?

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Likizo moja Mize alikwenda kwao Juani, akakaa siku tatu barazani kwa Bi Kijakazi, mkunga aliyewapokea duniani nusu ya watu wa kisiwa kile, Mize mwenyewe akiwamo. Bi Kijakazi hajui kusoma. Alisema, Mize akaandika, na katika aliyoyasema kulikuwa na ukurasa wa kasa. Ulisema mambo matatu. Kwanza, nyama ya kasa, hasa ng'amba, mara nyingine huwa na sumu, na sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa moto. Pili, wakati ule watu walipokuwa wakila kasa, kipande cha kwanza walimtupia kunguru waone kama atakufa, wakasubiri maji yapwe na yajae tena ndipo watie chungu jikoni, na hata hivyo wapo waliokufa. Tatu, mama anayenyonyesha asile kabisa, hata kama wengine wote wamekula wakasalimika, maana sumu hupita kwenye maziwa na mtoto hana nguvu ya kuishinda. Hilo la tatu Bi Kijakazi alilisema huku akikunja vidole. Alikunja vitatu. Ni watoto aliowaosha yeye mwenyewe kwa ajili ya kuzikwa.

Mize aliuandika wote, akaweka na jina la Bi Kijakazi. Ulikaa mwaka mzima bila mtu kuugusa.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Mnaujua mwaka wa uchaguzi kwetu, mtu na shemeji yake hawapeani mkono. Suleimani akaupitia ukurasa ule, akaona habari ya kunguru, akaifuta. Alisema kuua kasa ni kosa la jinai, na kueleza jinsi watu walivyokuwa wakiijaribu nyama yake ni kufundisha watu uhalifu. Shamte akaona kilichofutwa, akakasirika, akafuta habari ya sumu yote. Alisema babu yake alikula kasa hadi akafa kwa uzee, na kwamba sumu hiyo imeanza kutajwa tangu hifadhi ilipokuja, wanawatisha wavuvi kwa niaba ya serikali. Suleimani akarudisha. Shamte akafuta. Katika juma moja ukurasa ule ulibadilishwa mara kumi na tisa, na matusi yaliyoandikwa chini yake siyarudii, humu mna watoto.

Jumamosi iliyofuata stoo iligawanyika, hawa upande wa magunia, wale upande wa madumu. Shamte alisema kama ukurasa ule utabaki na uongo wa hifadhi, yeye anaondoka na watu wote wa Juani, wakaandike cha kwao. Suleimani alisema kama utabaki na mafunzo ya kuchinja kasa, watu wa Utende hawatakanyaga tena pale dukani. Mama yake Javed akachungulia kutoka kaunta kuona kuna nini. Mize aliwatazama, akaona kazi yake ya miaka miwili inapasuka mbele ya macho yake. Aliogopa. Nawaambieni ukweli, hakuogopa kwa ajili ya kasa, aliogopa kwa ajili ya ile stoo.

Akafanya alichokijua. Alimwomba Suleimani aachie kidogo, akamwomba Shamte aachie kidogo. Suleimani akapata alichotaka, habari ya kunguru ikaondoka. Shamte akapata alichotaka, habari ya sumu ikalegezwa, na habari ya mama anayenyonyesha ikaondoka pamoja nayo kwa kuwa Shamte alisema hicho ndicho kitisho kikubwa kuliko vyote. Mize akaandika upya, kwa mkono wake: Kasa ni kiumbe wa baharini anayelindwa na sheria. Baadhi ya watu husema nyama yake inaweza kudhuru. Wengine husema hayo ni maneno ya kuwatisha wavuvi.

Javed, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema sana, aliuliza, "Na Bi Kijakazi je, Mwalimu? Jina lake umelitoa."

"Nitamweleza nikienda Juani," Mize alijibu. "Leo tuwapatanishe hawa kwanza."

Hakwenda kumweleza. Suleimani na Shamte walipeana mikono, chai ikaletwa, na Mize alirudi nyumbani amejaa furaha. Nyinyi mnaonisikiliza mnatikisa vichwa, lakini mngekuwepo siku ile mngepiga makofi. Mimi nilipiga.

Hazikupita wiki tatu.

Mdogo wake Mize, Furaha, alikuwa ameolewa kule kule Juani na mvuvi aitwaye Mfaume. Walikuwa na mtoto wa miezi mitano, Chiku, mnene, mcheshi, aliyekuwa akimcheka hata mtu asiyemjua. Asubuhi moja Mfaume na wenzake walivuta wavu wao wa jarife wakakuta ng'amba amenaswa, ameshakufa. Kisheria walitakiwa watoe taarifa. Wakatazamana, wakaona ni hasara kumtupa, wakamgawana. Mfaume akaja nyumbani na fungu lake limefunikwa majani.

Furaha alisita. Alikumbuka kwamba utotoni alisikia wanawake wakisema jambo juu ya kasa na wanaonyonyesha, ila hakukumbuka sawasawa, na Bi Kijakazi siku ile alikuwa Chole kumzalisha mama mmoja. Mama mkwe wake akasema yeye kwao Jibondo walikuwa wakila tu. Ndipo Furaha akasema, "Baba Chiku, hebu angalia kwenye kitabu cha dada."

Alisema hivyo, nawaapia. Hakumpigia simu dada yake, kwa nini ampigie wakati maneno ya dada yake yapo pale mkononi? Mfaume alitoa simu, akautafuta ukurasa, akasoma kwa sauti. Baadhi ya watu husema. Wengine husema. Furaha akacheka, akasema kumbe ni siasa zao zilezile, zimeingia mpaka kwenye mchuzi. Akakuna nazi.

Walikula mchana. Jua lilipoelekea alasiri, Mfaume alianza kulalamika kwamba mdomo unamwaka kama aliyetafuna pilipili, na koo linakataa mate. Mama yake akatapika, kisha Furaha. Kufika magharibi nyumba tatu zilizogawana yule kasa zilikuwa zinaugua, watu kumi na mmoja. Chiku hakutapika. Alilala. Asubuhi yake Furaha, ambaye naye alikuwa hajiwezi, alimweka titini, hakunyonya, akamkamulia matone mdomoni, yakatoka pembeni ya mdomo. Alimwita jina, akamfinya kisigino. Mtoto alifumbua macho nusu, akayafumba.

Wakavushwa kwa boti hadi Utende, kutoka Utende kwa gari hadi hospitali. Madaktari walifanya waliloweza, lakini sumu ile haina dawa ya kuiondoa, anayepona hupona kwa mwili wake. Mize aliitwa darasani, akakimbia na chaki mkononi. Furaha alikuwa ametundikiwa dripu, hawezi kunyanyua mkono, kwa hiyo Mize ndiye aliyempakata Chiku. Alimpakata tangu saa tano asubuhi. Saa tisa na robo alimwambia muuguzi kwamba mtoto amekuwa mzito, na muuguzi akamchukua, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamrudishia huku ameinamisha uso. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yake Mfaume alifuata siku ya tatu.

Mngedhani sasa watu wangenyamaza, angalau kwa siku za matanga. Wapi! Shamte alikuja mazikoni, akabeba jeneza la mama yake Mfaume kwa bega lake, kisha akarudi nyumbani akaandika mtandaoni kwamba waliokufa walikunywa maji machafu ya kisima ambacho serikali imekitelekeza. Suleimani naye alikuja mazikoni, akapiga picha kaburi dogo, na keshokutwa yake picha ile ilikuwa jukwaani, inaoneshwa kwenye mkutano wa hadhara, tazameni matunda ya upinzani. Udongo ulikuwa haujakauka. Wote wawili nawajua, wote wawili wana watoto, na kila mmoja mpaka leo anaona mwenzake ndiye aliyekosa haya.

Siku ya saba, baada ya hitima, wanawake walipokwisha kuosha masufuria, Furaha alimwita Mize chumbani. Alikuwa amepungua, maziwa yamemvimba hayana wa kuyanyonya, amejifunga kanga kifuani kwa nguvu ili yakauke. Alimpa simu ya Mfaume.

"Nisomee, dada," alisema. "Nisomee vilevile kama siku ile."

Mize akasema ukurasa umebadilishwa mara nyingi tangu siku ile. Lakini tovuti ya Javed ilitengenezwa ihifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyeliweka, na Furaha alishaoneshwa na mumewe pa kubonyeza. Kwa hiyo Mize alisoma. Ilikuwa mistari mitatu tu, na chini yake jina: Mize Shaabani.

"Hao wengine ni kina nani?" Furaha aliuliza.

"Ni Shamte na watu wake."

"Wamewahi kumzika mtoto aliyenyonya sumu ya kasa?"

"Hapana."

"Na hao baadhi?"

"Ni Bi Kijakazi."

Furaha alimtazama dada yake, hana hasira usoni, amechoka tu. "Bi Kijakazi ndiye aliyenizalisha," alisema. "Ungeniandikia kwamba Bi Kijakazi amekataza, nisingekula. Hata kama chini yake ungeandika matusi ya vyama vyote, mimi nisingekula. Umemwita baadhi ya watu."

Akageukia ukutani. Mize alikaa pale kitandani, mkono wake umefika nusu ya njia kwenda kwenye bega la mdogo wake, akaurudisha. Alitaka kusema kwamba alifanya kwa ajili ya amani, na kweli ndiyo iliyokuwa nia yake, lakini aliiweka simu kitandani akainuka.

Alipotoka alikwenda kwa Bi Kijakazi kumwomba radhi. Shikamoo ikaitikiwa marahaba, kama kawaida, ila kigoda hakikuletwa. Bi kizee alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamwambia, "Mimi sikukupa maneno yangu ukayauze kwa watu wa siasa, mwanangu," na akaingia ndani.

Mize aliurudisha ukurasa kama ulivyokuwa mwanzo, jina la Bi Kijakazi juu kabisa. Hakuna aliyeusoma. Watu wa Juani walikuwa wameshaacha kukifungua Kitabu cha Mize kwenye simu zao, na watu wa Utende walikuwa wameanzisha kikundi chao cha mtandaoni cha kubishana. Jumamosi Mize alikaa stoo yeye na Javed, wakisikiliza watu wakinunua sukari upande wa mbele. Mwezi wa nne Javed aliacha kuilipia tovuti, ikazimika, na humo ndani zikazimika habari za popo, za ukili na za magofu, kurasa mia mbili na zaidi zilizoandikwa na watu ambao sasa wengine wameshafariki. Mize aliomba uhamisho. Yuko bara hivi sasa, anafundisha. Na Furaha husalimiana naye kwenye simu sikukuu mbili za mwaka, hujambo sijambo, basi.

Mwaka mmoja baadaye kasa mwingine alinaswa, katika kijiji ambacho sitakitaja. Mama mmoja mwenye kichanga aliuliza kama inafaa. Hapakuwa na mahali pa kuangalia.

FUNZO

Ndugu zangu, msiondoke mkisema kosa ni la Shamte, wala la Suleimani. Hao walikuwa na makosa yao na Mungu anawajua. Funzo langu ni kwa nyinyi wema, mnaopenda amani, mnaoitwa penye ugomvi, maana Mize alikuwa mwema kuliko sisi sote na mkono wake ndio ulioandika.

Watu wa vyama tofauti wanaweza kuandika kitabu kimoja. Tuliwaona wakifanya hivyo miaka miwili, msikubali mtu awaambie haiwezekani. Mambo ya kupenda na kuchukia, ya nani alijenga na nani alidhulumiwa, yagaweni, mpeni kila mtu fungu lake aseme lake. Lakini jambo la kweli lenye kuua mtu haligawiwi. Nyama ile ilikuwa na sumu siku Suleimani alipokuwa na furaha na siku Shamte alipokuwa na hasira, na ilikuwa na sumu vilevile siku walipopeana mikono. Mnapoandika, semeni ni nani aliyesema na amejuaje. Na kabla hamjalifuta neno la mtu ili wengine wapatane, nendeni kwanza mkamuulize alilipata wapi, muone ni vidole vingapi atavikunja.

Kama suluhu yenu inataka neno hilo liondoke, acheni suluhu ivunjike. Watu wagombane, waondoke kwa hasira, wafunge stoo. Chiku angekuwa darasa la kwanza mwaka huu.